Kabla ya Kununua NAS, Kagua Waya

Watu wanaoniuliza kuhusu NAS huja na majina ya modeli mkononi. Wameshatazama video, wameshalinganisha bei, na wanachotaka ni kuambiwa kati ya hii na ile ipi ina mbio zaidi. Mimi huwauliza kwanza kompyuta zao zinafikaje kwenye ruta. Wengi hushangaa, maana hawakuja kuulizwa habari za ruta. Lakini katika nyumba nyingi jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama fedha itanunua kasi yenyewe au kasi iliyoandikwa tu kwenye boksi.

NAS, kwa ambaye bado hajakutana nayo, ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi. Ndani yake mna diski moja, mbili au zaidi, na inaunganishwa na ruta au swichi ili kila kompyuta ya nyumbani iitumie kupitia mtandao. Kompyuta ya baba, ya mama na ya mtoto aliye chuoni zote zinapeleka nakala za mafaili yake humo usiku, bila mtu kukumbuka kuchomeka chochote. Hapo ndipo faida yake ilipo. Kama una kompyuta moja tu, diski ya nje, ile tunayoiita eksteno, itakufaa vizuri kwa bei ya chini zaidi. Na kwa kuwa USB 3.0 ina upana wa gigabiti 5 kwa sekunde, eksteno hiyo itanakili haraka kuliko NAS nyingi zilizoungwa kwa waya wa kawaida.

Tuje kwenye hesabu. Kasi ya mtandao hutajwa kwa biti, ukubwa wa faili kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo waya wa gigabiti 1 hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde. Ukiondoa sehemu inayoliwa na taratibu za mawasiliano yenyewe, unabaki na kama 110. Kompyuta yenye terabaiti 1 ya data itamaliza nakala yake ya kwanza kwa saa mbili na nusu. Waya huohuo ukishuka hadi megabiti 100, unapata megabaiti 11 hivi, na kazi ileile inachukua zaidi ya saa 25. Ukipanda hadi gigabiti 2.5, kasi inafika karibu megabaiti 280 na terabaiti inaisha kwa saa moja. Kwa gigabiti 10 ingekuwa robo saa, kama pande zote mbili zina SSD za kutosha. Kwa diski za kuzunguka hilo sahau, isipokuwa ziwe nyingi na zifanye kazi pamoja.

Linganisha na kupeleka nakala kwenye hifadhi za wingu. Intaneti ya nyumbani inayopakia kwa megabiti 20 itaibeba terabaiti hiyo kwa siku nne na nusu usiku na mchana, kama haikatiki. Na hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania na Kenya zikayumba kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala zake zote ng'ambo hakuwa na la kufanya ila kusubiri, na aliyekuwa na NAS sebuleni hakuguswa. Sisemi wingu halina kazi, nitalirudia. Nasema tu kwamba kwa data nyingi, hatua ya kwanza ni ya ndani ya nyumba.

Katika hizo namba, pengo linalouma ni lile la 11 na 110, maana ndilo watu wanaloishi nalo bila kujua. Nyumba moja Mbezi, mwenyewe ni mhasibu anayefanyia kazi nyumbani, NAS ilikuwa mpya, ruta ya gigabiti, kompyuta ya gigabiti, na kunakili kulikuwa kwa kobe. Kwenye Windows, ukifungua mipangilio ya mtandao na kuchagua Ethaneti, kuna mahali panapoonyesha kasi ya kiungo. Palisomeka 100/100. Tukafungua tundu la ukutani. Waya wa mtandao una nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Megabiti 100 inahitaji jozi mbili tu, gigabiti inazihitaji zote nne. Fundi aliyepitisha waya ule alikuwa amezigawa: nyuzi nne zimekwenda kwenye tundu la kompyuta, nne nyingine kwenye tundu la televisheni. Alikuwa amebana matumizi kwa kupitisha waya mmoja badala ya mbili, na kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Alipoitwa akasema, "Kaka, taa si inawaka?" Taa ilikuwa inawaka kweli. Taa huwaka kwa megabiti 100 vilevile.

Ugonjwa wa pili wa waya ni wa dukani. Kuna rola za bei poa ambazo nyuzi zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangua uzi mmoja kwa ncha ya kisu: ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, ndiyo yenyewe. Kwa mita tatu au nne itakubali. Ukiipitisha darini mita 40, halafu vichwa vikabanwa kwa haraka, itakuletea makosa ya hapa na pale, na kiungo kitapanda na kushuka bila sababu inayoonekana. Waya wa shaba tupu wa Cat5e unabeba gigabiti 2.5 hadi mita 100, hivyo huna haja ya kubomoa ukuta kwa ajili ya mtandao wa kesho kama wa leo ulifungwa kwa haki. Cat6 inabeba gigabiti 10 kwa mita 55 hivi, na zaidi ya hapo unahitaji Cat6A.

Na Waifai? Kompyuta mpakato huandika kasi ya kuvutia pembeni ya alama ya Waifai, 866 au 1200, lakini hiyo ni kasi ya redio katika hali njema, na kinachofika kwenye faili ni nusu yake au pungufu. Weka kuta mbili za tofali katikati, uone. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja au za Lamu, zenye kuta za mawe ya matumbawe zinazokaribia nusu mita kwa unene, mawimbi ya gigahezi 5 huishia chumba kinachofuata. Kosa ambalo halina utetezi ni kuiweka NAS yenyewe kwenye Waifai. Hapo kila baiti inasafiri hewani mara mbili, kutoka kompyuta kwenda ruta na kutoka ruta kwenda NAS, na nyumba nzima inashiriki hewa hiyohiyo. NAS ikae kwenye waya karibu na ruta, na kompyuta ya mezani nayo iwe kwenye waya. Mpakato unaobebwa huku na huko unaweza kuachiwa Waifai kwa nakala za kila siku, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Ukimaliza waya, njoo kwenye diski. Diski nzuri ya kisasa ya inchi 3.5 husoma zaidi ya megabaiti 200 kwa sekunde kwenye nyimbo zake za nje, na karibu nusu ya hapo inapofika ndani karibu na kitovu. Diski moja kama hiyo inaujaza waya wa gigabiti. Basi mtu mwenye mtandao wa gigabiti anayelipia NAS ya SSD tupu kwa ajili ya nakala rudufu anajipa raha ya ukimya na kuokoa umeme, ila kwa mafaili makubwa kasi haitabadilika.

Diski zina mtego wake, nao unaitwa SMR. Ni mbinu ya kuandika nyimbo za data zikilaliana kama vigae vya paa ili diski ibebe zaidi. Kusoma hakuna shida. Kuandika data nyingi mfululizo ndiko kunakoifanya diski iishiwe pumzi: mwanzo inakwenda vizuri, kisha eneo lake la kupokelea linajaa na kasi inaporomoka. Aprili 2020 Western Digital ilikiri kwamba diski zake za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizokuwa zikiuzwa mahsusi kwa NAS, zilitumia mbinu hiyo bila wanunuzi kuelezwa. Kelele zilikuwa kubwa, hasa kutoka kwa watumiaji wa mfumo wa mafaili wa ZFS, ambao diski zao mpya zilikuwa zikifukuzwa na mfumo huo katikati ya kujenga upya data ya diski iliyokufa. Baadaye kampuni ikatenganisha majina: Red Plus na Red Pro ni za mbinu ya kawaida, CMR, na Red bila nyongeza ndiyo SMR. Kabla ya kulipa, tafuta namba kamili ya modeli na uithibitishe kwenye orodha ya mtengenezaji. Neno "NAS" kwenye lebo halitoshi.

Anayenunua Kariakoo, au mtaa wa Luthuli Nairobi, ana jambo la pili la kuangalia. Diski nyingi zinazouzwa kwa bei nzuri zimetoka kwenye mashine za CCTV au seva za ng'ambo. Si dhambi kununua diski iliyotumika, mradi bei iseme hivyo. Omba ichomekwe kwenye kompyuta ya dukani na programu kama CrystalDiskInfo ifunguliwe, usome saa ilizowaka. Saa 35,000 ni miaka minne bila kuzimwa. Namba hiyo nayo inaghushiwa. Mwanzoni mwa 2025 vyombo vya habari vya teknolojia vya Ujerumani vilifichua diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa na wachuuzi kama mpya, saa zake zikiwa zimefutwa. Zilizotoa siri ni kumbukumbu za pili ndani ya diski hizo, ziitwazo FARM, ambazo wafutaji walizisahau. Matoleo mapya ya smartmontools yanazisoma bila malipo.

Sasa ndiyo tufike kwenye sanduku lenyewe, na nitapita haraka, kwa sababu hapa ndipo matangazo yanapokaa na ndipo tofauti zilipo ndogo. Tundu la gigabiti 2.5 limeanza kuwa la kawaida, lichukue, hata kama swichi yako bado ni ya gigabiti 1. Matundu mawili ya gigabiti 1 yaliyofungwa pamoja hayampi mtu mmoja gigabiti 2. Barabara ya njia nne haimfikishi dereva mmoja mara mbili mapema. Kuna utaratibu wa SMB Multichannel unaoweza kugawa kazi ya kompyuta moja kwenye nyaya mbili, lakini unahitaji nyaya mbili pande zote, na nani anazo? SSD ya akiba ndani ya NAS haisaidii nakala rudufu za kawaida, fedha yake weka kwenye diski ya tatu. RAID ya diski mbili zinazobeba data ileile itakuokoa diski moja ikifa, na hilo hutokea: takwimu za Backblaze, kampuni ya Marekani yenye mamia ya maelfu ya diski, zimekuwa zikionyesha katika miaka ya karibuni kwamba kati ya asilimia 1 na 2 hufa kila mwaka. Mwizi, radi na kidole kilichobonyeza kufuta, RAID haivijui.

Kuna kipengele kimoja cha sanduku ambacho ningekilipia bila kujadiliana, nacho ni mfumo wa mafaili wenye snapshoti, kama Btrfs au ZFS. Nitafafanua nikifika kwenye virusi.

Kinachoisumbua kasi kuliko wengi wanavyodhani ni mafaili madogo. Video moja ya gigabaiti 20 itapita kwa megabaiti 110 bila kupumua. Folda ya mafaili laki mbili ya kilobaiti chache kila moja inaweza kutambaa kwa megabaiti 3 kwenye vifaa vilevile, kwa kuwa kila faili linafunguliwa, linaandikwa, linafungwa na kuthibitishwa, na diski ya kuzunguka inaweza kuruka-ruka mahali tofauti kama mara mia tu kwa sekunde. Dawa yake ni programu. Restic, Borg au Veeam Agent haziburuti faili mojamoja, zinayafungasha mafaili katika vipande vikubwa, na mara inayofuata hupeleka yaliyobadilika tu. Mtu anayeburuta folda kwa kipanya kila Jumapili anaweza kununua NAS ya bei mara tatu asione nafuu ambayo programu ya bure ingempa siku hiyohiyo.

Hapo ndipo ile sababu ya Waifai inapotokea. Baada ya nakala ya kwanza, kompyuta ya mtu wa kawaida hubadilisha gigabaiti chache kwa siku. Gigabaiti 3 kwa Waifai dhaifu ya megabaiti 10 kwa sekunde ni dakika 5, tena umelala. Mwenda haraka na mwenda polepole wote wataamka kazi imekwisha. Nakala ya kwanza nayo hufanywa mara moja, unaweza kuisogeza kompyuta karibu na ruta kwa usiku huo.

Kasi inahitajika kwa kweli siku ya kurudisha. Diski ya kompyuta imekufa Jumanne, ripoti ya mteja ni ya Jumatano, na data yote inapaswa kurudi kwa mkupuo. Saa mbili na nusu unaweza kuzivumilia, saa 25 zinakula kazi ya watu. Kwa hiyo mimi hupima mfumo kwa kurudisha, siupimi kwa kunakili. Na siku hiyo kuna vikwazo visivyoandikwa kwenye boksi. Flashi ya kuwashia kompyuta yenye programu ya urejeshaji mara nyingi haitambui kadi ya Waifai, na mpakato mwembamba wa siku hizi hauna tundu la waya. Kiunganishi cha USB kwenda Ethaneti, kitu cha bei ndogo, kinapaswa kukaa kwenye droo pamoja na flashi hiyo, na vyote viwe vimeshajaribiwa. Januari 2017 kampuni ya GitLab, yenye wahandisi wa kutosha, ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu, ikakuta kwamba njia zake kadhaa za kuhifadhi nakala ama zilikuwa zimesimama ama hazikuwa zimewahi kusimama wima. Iliokolewa na nakala ya saa sita nyuma ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine.

Mpaka hapa nimeisifu kasi. Lakini hifadhi iliyo hewani muda wote, inayofunguka kwa kila kompyuta ya nyumbani, inafunguka pia kwa virusi vilivyo kwenye kompyuta hizo. Virusi vya kudai fidia vikishika kompyuta yenye ruhusa ya kuandika kwenye NAS, vitayasimba mafaili ya huko kwa kasi ileile uliyoilipia. Njia nyingine ni NAS yenyewe kuvamiwa kutoka nje. Januari 2022 kundi lililojiita Deadbolt lilisimba NAS za QNAP zilizokuwa zimefunguliwa kwenye intaneti na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mwenye kifaa. Juni 2021 watu waliokuwa na WD My Book Live, kifaa ambacho hakikuwa kimepata sasisho tangu 2015, waliamka kukuta data yao imefutwa yote. Kwa hiyo usifungue NAS kwenye intaneti ili tu uone picha ukiwa safarini. Akaunti inayoandika nakala iwe tofauti na ile unayotumia kila siku. Na snapshoti ziwashwe: hizo ni hali za nyuma za mafaili ambazo kompyuta ya kawaida haiwezi kuzigusa kupitia mtandao, na kurudi kwenye hali ya jana ni suala la dakika.

Nakala moja inapaswa kuwa ya polepole na ngumu kufikiwa. Eksteno inayochomekwa kwenye NAS mara moja kwa wiki, kisha inachomolewa na kulala kwa dada yako Tabata, haiwezi kusimbwa na kirusi chochote wala kuondoka na mwizi aliyebeba NAS. Wingu linaingia hapa pia, kwa mafaili machache yasiyo na mbadala: vyeti, hati za kiwanja, hesabu, picha za marehemu. Gigabaiti 50 zinapakiwa hata kwa intaneti ya kawaida ndani ya saa sita.

Umeme nao una neno. NAS ya diski mbili inayokula wati 15 humaliza uniti kama 130 za LUKU kwa mwaka, si kitu cha kukunyima usingizi. Kinachoiua ni kukatika na kurudi kwa umeme mara tatu ndani ya dakika moja, diski ikiwa inaandika. UPS ndogo inatosha, mradi iwe na waya wa USB unaochomekwa kwenye NAS, ili umeme ukizidi kukawia kurudi NAS ijizime yenyewe kwa utaratibu. UPS isiyo na waya huo inakupa dakika 10 za kukimbia nyumbani kutoka Posta. Ruta na swichi ziwe kwenye UPS hiyohiyo.

Kama leo ningemfungia mtu mwenye kompyuta tatu na data isiyozidi terabaiti 4, ningeanza na kupima kasi ya kiungo kwenye kila tundu. Kisha NAS ya nafasi mbili yenye Btrfs na tundu la gigabiti 2.5, diski mbili za CMR za terabaiti 8, eksteno moja na UPS. Ningeangalia pia kama mtengenezaji anakubali diski za kampuni nyingine. Mwaka 2025 Synology ilizibana modeli zake mpya za daraja la Plus zitumie diski ilizoziidhinisha yenyewe, kabla ya kulegeza Oktoba mwaka huohuo, na kwa nchi ambako diski unayoipata ndiyo iliyopo dukani, sharti kama hilo linatosha kuiondoa chapa kwenye orodha. Mwenye bajeti ndogo asivunjike moyo: Raspberry Pi 4, ambayo tofauti na matoleo ya kabla yake ina gigabiti kamili na USB 3.0, ikiwekewa programu ya NAS ya OpenMediaVault na eksteno yenye umeme wake, itaujaza waya wa gigabiti karibu wote. Swichi ya gigabiti 2.5 ningeiacha kwanza. Anayehariri video moja kwa moja kutoka kwenye NAS ataihitaji mapema, na huyo mahitaji yake ni mengine.